Swali la Pasaka Huanzia Jikoni

Wiki mbili tatu kabla ya Pasaka, nyumba ya Kiyahudi inayoshika sheria hupinduliwa juu chini. Pasaka inayozungumzwa hapa ni ile iliyoitangulia ya Wakristo: sikukuu ya kukumbuka Waisraeli walivyotoka utumwani Misri, inayoanza usiku wa kuamkia tarehe 15 ya mwezi wa Nisani na kudumu siku saba nchini Israeli, au siku nane kwa Wayahudi wengi waishio kwingineko. Katika siku hizo chachu ni haramu, na uharamu wake hauishii mdomoni. Hairuhusiwi hata kuwamo ndani ya nyumba. Ngano, shayiri na nafaka tatu za ukoo wao, zikishaguswa na maji na kuachwa zikakaa dakika 18, huhesabiwa kuwa zimechacha. Basi mkate, biskuti, tambi na bia hutolewa, makabati husuguliwa, jokofu husogezwa ili nyuma yake pafagiliwe, mifuko ya makoti hupekuliwa, na vyombo vya mwaka mzima hufungiwa ili vitolewe vile vya Pasaka peke yake. Ni kazi ya kuchosha, na mara nyingi humwangukia mama. Katika pilikapilika hizo watoto huonekana kuwa kikwazo, maana wao ndio wanaozunguka na biskuti mkononi. Hupelekwa kwa bibi au huwekwa mbele ya televisheni, na usiku wa sikukuu ukifika huitwa mezani wakiwa wameogeshwa na kuvalishwa nguo mpya, na mdogo kuliko wote akaimba maswali manne aliyofundishwa chekechea.

Wazazi wanaofanya hivyo hawana nia mbaya, na uchovu wao naufahamu vizuri kwa kuitazama tu orodha ya kazi hizo. Hata hivyo naamini kwamba utaratibu huo unaidhulumu sikukuu yenyewe. Pasaka ya Kiyahudi imejengwa juu ya swali la mtoto, na mtoto aliyetengwa na kazi ametengwa pia na swali. Ninachokitetea hapa si kumpa mtoto shughuli ya kumsahaulisha muda, kama vile kupaka rangi picha ya Musa huku watu wazima wakiendelea na mambo ya maana. Natetea apewe kazi ya kweli, ambayo asipoifanya sikukuu itapungukiwa na kitu.

Tuanzie kwenye Torati, kwa kuwa msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaweza kuifungua mwenyewe. Mara nne, katika Kutoka sura ya 12 na ya 13 na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, mzazi anaagizwa amweleze mwanawe habari za Misri, na katika tatu kati ya mara hizo mtoto ndiye anayeanza kwa kuuliza. Hapo ndipo walimu wa kale walipopata wana wanne wa Hagada, kitabu kinachosomwa mezani usiku huo: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na yule asiyejua kuuliza. Ukiyatazama mazingira ya maswali hayo utaona kwamba hakuna mtoto anayeuliza habari za historia. Katika Kutoka 12 anauliza juu ya ibada anayowaona wazazi wakiifanya, na katika Kutoka 13 anauliza akiwa mbele ya sheria ya wazaliwa wa kwanza wa mifugo inayotekelezwa machoni pake. Historia inakuja kama jibu, baada ya macho kuona tendo. Torati inachukulia kwamba mtoto yupo pale kazi inapofanyika, na haikuwaza kabisa kwamba atafungiwa chumba kingine hadi chakula kiive.

Sheria ya mdomo iliyoandikwa baadaye ina maelezo ya kushangaza zaidi. Mishna, iliyokusanywa mnamo mwaka 200, inaeleza katika sura ya mwisho ya kitabu chake cha Pasaka kwamba kikombe cha pili cha divai kikimiminwa, hapo mtoto humwuliza baba yake. Na kama mtoto hana ufahamu wa kutosha, baba humfundisha, na ndipo yanapofuata yale maneno maarufu ya kustaajabia tofauti ya usiku huo na usiku mwingine. Maana yake ni kwamba maswali manne yanayoimbwa leo duniani kote yaliwekwa kama akiba, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuja na swali lake mwenyewe. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mijadala ya walimu juu ya Mishna, inalithibitisha hilo kwa kisa cha Abaye, mwanachuoni wa karne ya 4 aliyekuwa yatima akalelewa na ami yake Raba bar Nahmani. Akiwa ameketi mbele ya mlezi wake aliona meza inaondolewa, akashangaa: mbona inaondolewa nao hawajala? Raba akamwambia kwamba kwa kuuliza hivyo amewatoa katika wajibu wa kuyasema yale maneno yaliyopangwa. Swali la papo hapo la mtoto mmoja juu ya meza moja lilitosha kuchukua nafasi ya maneno ya Mishna.

Sisi tumeigeuza akiba kuwa mtaji wote. Mtoto anakaririshwa wimbo kwa wiki kadhaa, anauimba vizuri, wageni wanapiga makofi, na hakuna anayejali kama alikuwa na jambo lolote la kutaka kulijua. Wimbo ni mzuri na sishauri uachwe. Ila mtoto asiye na swali lake hawezi kulipata kwa dakika kumi mezani, akiwa na njaa, katikati ya watu wazima wanaofungua kurasa. Swali linahitaji muda wa kuchacha, na muda huo ndio zile wiki mbili tatu za maandalizi.

Hapa unatokea ubishi mzito kuliko wote, na unatoka ndani ya mila yenyewe. Mtu anaweza kusema: kisa cha Abaye kinathibitisha kinyume chake, maana Abaye aliuliza kwa sababu alishtushwa. Walimu walitaka mtoto ashangae. Talmudi inasimulia kwamba Rabi Akiba alikuwa akiwagawia watoto bisi za nafaka na jozi mkesha wa Pasaka ili wasisinzie na ili waulize. Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204, anayejulikana Ulaya kwa jina la Maimonides, aliandika kwamba ni lazima kubadilisha mambo usiku huo ili watoto waone na waulize, akataja mifano ya kugawa bisi na jozi, kuondoa meza kabla ya kula, na kunyang'anyana matza, yaani ile mikate mikavu isiyochachwa. Kama mtoto ameshiriki kuandaa kila kitu, anajua kilichomo katika kila sahani. Atashangazwa na nini tena?

Ubishi huo una nguvu, lakini unasahau jinsi mshangao unavyofanya kazi. Huwezi kushtushwa na badiliko la jambo usilolijua hali yake ya kawaida. Abaye alijua meza huondolewa lini, ndiyo maana aliona kasoro. Mtoto wa leo ambaye hajawahi kuingia jikoni ila kufungua jokofu hana kipimo. Sahani ya Pasaka yenye mfupa uliochomwa, yai, mboga chungu na mchanganyiko mtamu uitwao haroseti kwake ni chakula kingine cha wakubwa, sawa na vyakula vingine vya sherehe asivyovielewa. Bali mtoto aliyejaza unga wote wa nyumbani kwenye sanduku, akauona ukibebwa nje, akasugua droo ya mikate ambayo haijawahi kusuguliwa mwaka mzima, huyo ameguswa na tofauti kwa mikono yake kwa siku nyingi, na bado hajaambiwa sababu. Kazi haimpunguzii mshangao hata kidogo. Inamjaza maswali ambayo, mzazi mwenye busara asipoyajibu yote jikoni, yatafika mezani yakiwa bado na moto. Tena yapo mambo ya usiku wenyewe yanayoweza kubaki siri: nani atakayeficha kipande cha matza kiitwacho afikomani, wimbo upi utaanza, mlango utafunguliwa saa ngapi kwa ajili ya nabii Eliya.

Wana wanne wenyewe wanalishuhudia jambo hili. Swali la mwana mwenye hekima limejaa vipengele. Anauliza juu ya shuhuda, amri na hukumu, na mtu hawezi kuuliza hivyo asipokuwa amejitosa ndani ya shughuli kiasi cha kutambua kwamba sheria hii si sawa na ile. Swali la mwana mwovu ni la mtu aliyesimama pembeni, na kosa ambalo Hagada inamtia ni hilohilo la kujitoa katika kundi. Talmudi ya Yerusalemu inaliweka wazi zaidi: huko mwana huyo analalamikia usumbufu ambao wazazi wanawaletea watoto mwaka hadi mwaka. Kwa kawaida tunamhukumu upesi. Lakini mtoto ambaye kila mwaka anaona mama amechoka, anafokewa asikanyage sakafu iliyopigwa deki, na hapewi sehemu yoyote ya kazi, ataionaje Pasaka kama si usumbufu wa watu wengine? Uovu huo tunaulima wenyewe.

Wanaosema kwamba kazi hizi ni nyeti mno kwa watoto wana haki ya kujibiwa kwa sheria, maana wanasimama juu ya sheria. Chembe moja ya chachu inatosha kuvunja katazo, na mtoto wa miaka saba si mtu wa kutegemewa kwa chembe. Hata hivyo Talmudi, ikijadili upekuzi wa chachu unaofanywa kwa mwanga wa taa usiku wa kuamkia tarehe 14 ya Nisani, inasema kwamba watu wote wanaaminiwa katika jambo hilo, na inawataja hata watoto. Maana ya uamuzi huo ni kubwa. Katika mambo mengi ushahidi wa mtoto haukubaliki kabisa. Hapa mtoto mwenye akili akisema chumba kimepekuliwa, neno lake linachukuliwa. Sababu ya kisheria ni kwamba amri ya Torati inatimizwa tayari kwa mwenye nyumba kuitangua chachu yote moyoni na kwa kauli, na upekuzi ni nyongeza ya walimu. Kauli hiyo ya kuitangua hutamkwa usiku baada ya upekuzi na tena asubuhi baada ya kuchoma kilichopatikana, ikafunika kila kilichosazwa bila kuonekana. Walimu walijua watu hukosea, wakatandika wavu chini ya makosa ya wote, wakubwa kwa wadogo. Anayemzuia mtoto asipekue kwa kuhofia atapitwa na chembe anajidai kuwa mkali kuliko sheria.

Upekuzi huo unastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu ndio kazi inayomfaa mtoto kuliko zote. Ni desturi iliyoenea kuficha vipande kumi vya mkate ndani ya nyumba iliyokwisha kusafishwa, ili anayepekua asifanye kazi ya bure. Taa huzimwa. Kwa mshumaa, unyoya na kijiko cha mti familia hupita chumba hadi chumba, na kila kipande kikipatikana husukumwa kwa unyoya kikaingia kijikoni, kikawekwa kwenye mfuko. Asubuhi yake vyote huchomwa. Wazazi wengi huwafichia watoto vipande hivyo kama mchezo. Mimi naona ni afadhali mtoto ndiye afiche na mkubwa ndiye atafute. Akificha yeye, atalazimika kufunga kila kipande kwenye karatasi kisimwagike, kuandika orodha ya mahali alipoviweka, na kujua kwamba kipande cha tano kikisahauliwa nyuma ya vitabu, chachu ya kweli itabaki ndani ya nyumba ya Pasaka. Ameshika dhamana yenye uzito, na watoto huutambua uzito wa kweli upesi sana. Si jambo geni pia kwa watoto kuwamo katika maandalizi. Katika Hagada ya Dhahabu, iliyochorwa Katalunia mnamo mwaka 1320 na kuhifadhiwa sasa katika Maktaba ya Uingereza jijini London, ukurasa mmoja unamwonyesha mwanamume akipekua chachu kwa mshumaa huku mwanamke na msichana wakisafisha nyumba, na bwana wa nyumba akiagiza watoto wagawiwe matza na haroseti.

Mpaka nao upo, na ni vizuri kuukiri. Kitabu cha sheria cha Yosefu Karo, kilichochapishwa Venisi mwaka 1565, kinakataza mtoto mdogo asikande wala kuoka ile matza ya kutimizia amri usiku wa kwanza, kwa sababu inahitaji kuokwa kwa nia maalumu ambayo mtoto hahesabiwi kuwa nayo. Darasa la watoto likienda kuoka matza kwenye tanuri la maonyesho, kama inavyofanyika katika jumuiya nyingi, wanachooka ni mazoezi. Sioni kwamba mpaka huu unaidhoofisha hoja. Ukitoa ile matza, kazi iliyobaki ni tele. Haroseti peke yake, ule mchanganyiko mtamu unaokumbusha udongo ambao watumwa waliufyatulia matofali, humtosha mtoto kwa alasiri nzima: Wayahudi wa Ulaya ya mashariki huitengeneza kwa matufaha, jozi, mdalasini na divai, na wale wa Iraki kwa asali ya tende na jozi. Kuna mchele wa kuchambuliwa punje kwa punje mara tatu katika nyumba nyingi za Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno, ambao tofauti na Waashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, huula wakati wa Pasaka. Kuna mboga za majani za kuoshwa na kukaguliwa wadudu, maji ya chumvi ya kuchanganywa na kuonjwa, vitabu vya Hagada vya kukung'utwa chembe za mwaka jana. Kazi hizi hazihitaji utundu mwingi, ila zinahitaji mtu wa kuzifanya, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Wachunguzi wa maendeleo ya watoto nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Felix Warneken na Michael Tomasello, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Leipzig, walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 humsaidia mtu mzima wasiyemjua bila kuombwa: akiangusha kitu wanamwokotea, akishindwa kufungua kabati kwa kuwa mikono imejaa wanamfungulia. Hamu ya kusaidia basi huwapo kabla mtoto hajajua kuzungumza sawasawa. Barbara Rogoff wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, ambaye kwa miaka mingi amechunguza jamii za Wamaya wa Guatemala na familia zenye asili ya wenyeji wa Meksiko, ameeleza jinsi watoto wanaoachwa wawepo kwenye kazi za wakubwa, watazame na kuingiza mkono, wanavyokua wakijituma wenyewe. Katika familia za mjini zenye mazoea ya kumfukuza mtoto mdogo asicheleweshe kazi, kisha akifika miaka kumi kumpangia zamu kwa lazima, mambo huwa tofauti. Mzazi anayesema mwanawe wa miaka mitatu anamchelewesha anasema kweli tupu. Anachokosa kukihesabu ni kwamba anayemfukuza leo ndiye atakayembembeleza baada ya miaka saba. Wazee wetu husema samaki mkunje angali mbichi, na watu huitumia methali hiyo kana kwamba mtoto ni kitu cha kukunjwa na mkono wa mwingine. Tafiti hizi zinamwonyesha samaki anayejikunja mwenyewe, mradi aachiwe nafasi.

Suala la zawadi linahitaji tahadhari. Ni desturi mtoto anayepata afikomani, au anayeinyakua na kuificha, adai zawadi ndipo airudishe, maana karamu haiwezi kumalizika kabla kipande hicho hakijaliwa. Baadhi ya wazazi wameupanua mtindo huo hadi kwenye maandalizi: droo moja kiasi hiki, rafu moja kiasi kile. Warneken na Tomasello walirudi kwenye jambo hili mwaka 2008 wakaona kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa vitu vya kuchezea kama malipo ya msaada walisaidia mara chache baadaye, malipo yalipokoma, kuliko wale ambao hawakulipwa. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walikuwa wameona jambo linalofanana na hilo kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora: walioahidiwa tuzo walipunguza kuchora baadaye, lakini waliopewa tuzo ya kushtukiza hawakubadilika. Kwa hiyo ningeiacha afikomani ibaki mchezo wenye zawadi, kwa kuwa ni mchezo na kila mtu mezani anajua hivyo, na ningeondoa kabisa bei kwenye kazi. Zile jozi za Rabi Akiba hazikuwa ujira. Watoto walizipata kwa kuwa ni watoto na ni mkesha wa sikukuu.

Kuna anayeweza kuuliza: kuna ushahidi gani kwamba nyumba, na si sinagogi wala shule, ndiyo inayobeba dini hii? Uchunguzi wa taasisi ya Pew uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 70 ya Wayahudi wa Marekani walishiriki karamu ya Pasaka mwaka uliotangulia, ilhali asilimia 23 tu ndio waliohudhuria ibada angalau mara moja kwa mwezi. Nchini Israeli, uchunguzi wao uliotolewa mwaka 2016 ulipata asilimia 93 kwa karamu hiyo. Takwimu hizi haziwatofautishi walioandaa na waliokuja kula tu, na sitaki kuzibebesha zaidi ya zinachoweza kubeba. Ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi ni wa historia. Ureno ilipowalazimisha Wayahudi wake kuwa Wakristo mwaka 1497, baadhi ya familia za mji wa Belmonte ziliendelea kwa siri. Mhandisi wa migodi kutoka Poland, Samuel Schwarz, alipowakuta mwaka 1917, karne nne zilikuwa zimepita: Kiebrania kilikuwa kimepotea karibu chote, lakini wanawake walikuwa bado wanakusanyika kuoka matza ya Pasaka kwa kujificha. Maneno yalikufa, kazi ikabaki. Katika familia nyingi za namna hiyo watoto wadogo walifichwa siri hadi wafike umri wa kuweza kufunga mdomo, kwa sababu neno moja lingeweza kuwapeleka wazazi mbele ya mahakama ya dini. Kumtenga mtoto na maandalizi ilikuwa gharama waliyolipishwa na hofu. Nyumba yenye amani haina sababu ya kujilipisha gharama hiyo.

Mfano wa karibu nasi upo Uganda. Karibu na Mbale wanaishi Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda aliyeshika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Idi Amin alipoipiga marufuku dini hiyo katika miaka ya 1970, wengi waliiacha, na waliobaki walisali kwa siri majumbani, wakapungua hadi mia chache. Majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliiteka Kampala na kumwangusha Amin tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo ndiyo iliyokuwa usiku wa kwanza wa Pasaka. Vijana waliokulia kwenye zile nyumba za siri ndio waliokuja kuiinua tena jamii hiyo. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata daraja la urabi mwaka 2008 na kuingia Bunge la Uganda mwaka 2016.

Limebaki lalamiko moja ambalo silipingi, ila nalitumia kudai zaidi. Kina mama husema: mnaposema watoto washiriki, watakaoshiriki ni wasichana. Ndivyo ilivyokuwa kwa karne nyingi. Maandiko ya kale yanamtaja mwana wa kiume akimwuliza baba mezani, na msichana wa Hagada ya Dhahabu yuko pale kwenye usafi. Aliyefanya kazi hakutarajiwa kuuliza, na aliyeuliza hakutarajiwa kufanya kazi. Talmudi yenyewe inatoa mwanya, maana inasema mwana asipoweza kuuliza, mke aulize. Sauti ya mwanamke mezani ilikubalika tangu mwanzo. Kuwashirikisha watoto kwa maana ninayoitetea ni kuvunja mgawanyo huo pande zote mbili: mvulana asugue jiko na kuchambua mchele, msichana aulize na ajibiwe kwa ukamilifu sawa na kaka yake. Na baba ambaye mwaka mzima huja mezani kuongoza usomaji aanze kwa kuwa na zamu yake ya sakafu, la sivyo wanawe wa kiume watajifunza kwake jambo lingine kabisa.

Mwana wa nne, asiyejua kuuliza, ndiye anayesahauliwa katika mijadala hii. Hagada inamwagiza mzazi amfungulie mazungumzo. Huyo anaweza kuwa mtoto mdogo sana, au mtoto mwenye ulemavu wa usemi, au mwenye haya tu mbele ya wageni. Kwake yeye maswali manne ya kuimbwa ni mlima, na karamu inayochukua muda wa saa nne ni adhabu. Lakini mtoto asiyesema anaweza kushika unyoya, anaweza kuponda jozi kwenye mfuko, anaweza kupanga kikombe mbele ya kila kiti. Kisha mezani mzazi ana mahali pa kuanzia: amwonyeshe haroseti aliyoiponda mwenyewe, amwambie ni udongo wa matofali ya Misri, na aendelee kutoka hapo.